Kondoo Arobaini na Mmoja wa Jedwali la Nne

Milunka Stojkov alikuwa amefika kwenye jedwali la nne alipoweka kalamu nyekundu mezani.

Makala yenyewe haikuwa na ajabu. Kurasa kumi na mbili, ikieleza njia mpya ya kupima brusela, ule ugonjwa unaofanya kondoo watupe mimba na binadamu apate homa isiyokwisha. Waandishi walikuwa watano. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Profesa Velibor Kragović, mkurugenzi wa Taasisi ya Mifugo, ambaye mara ya mwisho kumshika kondoo, kondoo huyo alikuwa ameshaokwa na kuwekwa kwenye sahani. Wa mwisho alikuwa Daktari Ostojin, ambaye ndiye aliyefanya kazi yote. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda pale: aliyelima alitajwa mwisho, na aliyepita barabarani akapungia mkono alitajwa kwanza.

Milunka hakuwa daktari wa chochote. Alimaliza shule ya ufundi wa uchapaji enzi zile herufi zilikuwa za risasi na vidole vilikuwa vyeusi. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye chumba cha chini, kando ya bomba la joto linalonguruma kama tumbo la mgonjwa, akisafisha makala za wasomi kabla hazijaingia kwenye jarida la Taasisi. Alinyoosha majedwali yao. Alihesabu wanyama wao, maana mara nyingi walianza na ng'ombe sitini na kumaliza na hamsini na saba bila kusema watatu wamekwenda wapi. Hakuna aliyemfundisha maana ya seramu au kingamwili. Alijifundisha, usiku wengine wakilala na mchana wengine wakinywa kahawa, na sasa alijua kusoma makala ya mifugo kuliko nusu ya watu waliotia majina yao juu yake.

Jedwali la nne liliandikwa hivi: "Kundi la kulinganisha: kondoo wazima wa kundi moja la milimani, wasio na ugonjwa, waliothibitishwa kwa vipimo vitatu tofauti. Damu ilichukuliwa tarehe 14 Machi." Chini yake zilifuata namba za hereni za masikioni, moja moja. 6118. 6119. 6120. Zilishuka kwa mfululizo mpaka 6159, na mbele ya kila namba neno lile lile: hana, hana, hana.

Namba 6133 haikuwepo.

Hakuhitaji kufungua faili. 6133 alikuwa jike mwenye doa jeusi puani, aliyepigwa na radi mwezi wa Agosti. Aliowaacha walikuwa arobaini na mmoja, na wote walikuwa mali ya kaka yake, Slavoljub, wa kijiji cha Rakitna Glava. Milunka alizipiga chapa namba hizo kwa mikono yake mara tatu, kwenye barua tatu za rufaa, na mara tatu Taasisi hii hii ilijibu kwa mstari mmoja: kundi lilikuwa na brusela, uamuzi wa kuliteketeza ulikuwa halali.

Waliwaua tarehe 2 Aprili. Walikuja na lori, mashine ya kubeba udongo na watu waliovaa magunia meupe mpaka machoni. Na kwa kuwa kondoo wa Slavoljub walikunywa maji kwenye hori moja na wa majirani, waliwaua na wa majirani, mia mbili na kitu, bila hata kuwatoboa sindano. Jioni ile kijiji kizima kilikuwa kimya, na kimya hicho kilikuwa na jina la mtu mmoja. Ni Slavoljub aliyeleta ugonjwa. Ni Slavoljub aliyenunua kondoo wa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Aliyeyasema hayo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Golub, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mtu aliyesimamia ndoa yake kanisani.

Tangu hapo hakuna aliyempa salamu. Siku ya mtakatifu wa nyumba yake, ambapo huko kwao mgeni haalikwi kwa sababu kila mtu anajua ni wajibu kuja, Slavoljub alitandika meza ya watu thelathini, akawasha mshumaa, akakaa. Alikaa mpaka mshumaa ukaisha. Mwaka uliofuata alitandika tena. Mtu mwingine angehama. Yeye alisema atahama siku watakapomwambia usoni kwamba walikosea, si kabla.

Na sasa hapa, kwenye karatasi nzuri, kwa maneno ya watu walewale: wazima. Waliothibitishwa mara tatu.

Milunka alipanda ngazi mpaka maabara bila kubisha hodi.

Daktari Ostojin alikuwa anakula mkate na jibini juu ya jokofu la sampuli, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwakataza wanafunzi. Alikuwa mtu mwembamba, mwoga, mwenye macho ya kuomba radhi.

"Dada Milunka! Vipi, tumekosea marejeo tena?"

"Marejeo yako sawa. Niambie kuhusu kundi la kulinganisha."

Mkate ulisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Kondoo wa milimani tu," alisema. "Damu safi. Ni vigumu sana kupata damu safi namna ile, unajua."

"Najua. Ni ya kaka yangu."

Ostojin aliweka mkate chini. Alitazama mlango, akatazama dirisha, kama mtu anayepima upi uko karibu.

"Sikujua ni kaka yako. Naapa kwa mama yangu."

"Mwache mama yako. Sema."

"Mirija ya damu ilichanganywa," alisema polepole. "Kwenye sanduku la kusafirishia. Siku ile yalikuja makundi mawili, la kwenu na la bonde la chini. Tulipima, tukaandika, tukapeleka. Baadaye nikaona herufi za mkono kwenye vizibo hazilingani na karatasi. Nikapima tena. Tena na tena."

"Lini?"

"Tarehe tisa Aprili."

"Wao walikwisha kuuawa tarehe mbili."

"Ndiyo."

"Na lile kundi la bonde la chini? Lenye ugonjwa wenyewe?"

Ostojin aliangalia viatu vyake. "Lilikuwa limeshauzwa. Kwa ajili ya Pasaka."

Milunka alikumbuka majira ya joto ya mwaka ule, hospitali ya wilaya ikijaa watu wa homa na maumivu ya viungo, na gazeti likiandika kwamba ni mafua ya ajabu. Alikumbuka kila kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake, walisema pale ofisini: mama yule hasahau. Watu wa namna ya Kragović wanaishi kwa kutegemea wengine wasahau, na wakimkuta asiyesahau humwita mgonjwa.

"Ukakaa kimya," alisema.

"Nilimwambia mkurugenzi siku ile ile! Akasema, waliokufa wamekufa, usiwatie watu wazimu. Akasema damu isitupwe, itatufaa."

"Na imewafaa."

"Dada, nina watoto wawili."

"Na yeye alikuwa na kondoo arobaini na mmoja na msimamizi wa ndoa yake. Kula mkate wako, Ostojin."

Wiki moja baadaye alimpigia simu kaka yake. Hakutaka kumpa tumaini kabla ya wakati, maana tumaini lilikuwa limemwumiza kuliko kimya. Lakini Slavoljub alimsikia sauti.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna. Kaka, wamekiri. Kwenye makala. Walikuwa wazima."

Upande wa pili kiti kilivutwa sakafuni.

"Ninajua walikuwa wazima," alisema Slavoljub. "Mimi ndiye niliyewakamua. Wewe niambie Golub atajuaje."

"Ikichapishwa."

"Basi ichapishwe. Usiniletee maneno. Niletee karatasi yenye muhuri."

Kuchapishwa kulitegemea jedwali moja. Waandishi hawakuliweka kwa hiari yao. Mpitiaji wa makala, profesa mama mmoja wa nchi ya kaskazini ambaye hakuna aliyewahi kumwona, aliandika mistari miwili mikavu: atakubali iwapo tu matokeo ya kila mnyama yatachapishwa kwa namba yake halisi. Ostojin, kwa uoga na haraka, alibandika namba kama zilivyokuwa kwenye daftari la maabara. Mpitiaji akaidhinisha. Na sheria ya jarida ilikuwa wazi: jedwali likishaidhinishwa, tarakimu ikibadilika hata moja, makala inarudi kwa mpitiaji na sababu ya maandishi.

Kikao cha kusoma prufu ya mwisho, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa, kilifanyika Machi, kwenye ofisi ya mkurugenzi, chini ya picha ya mkurugenzi. Desturi ilikuwa kwamba waandishi wote wasome kurasa zote na kutia sahihi kila ukurasa. Desturi ya kweli ilikuwa nyingine, na Milunka aliijua kwa miaka ishirini na sita: walisoma ukurasa wa kwanza tu, pale penye majina yao.

"Hapa mmenipunguzia cheo," alisema mwandishi wa tatu, mwanamume mwenye shingo nene aliyekuwa mkuu wa idara ya kitu fulani. "Mimi ni profesa mshiriki tangu Desemba."

"Tangu Januari," alisema wa nne, dada mmoja mwenye mawani. "Baraza liliketi Januari, nilikuwepo. Na kwa nini yeye yuko mbele yangu?"

"Kwa herufi, mama. Angalia alfabeti."

"Alfabeti gani? Mkurugenzi ni K na yuko wa kwanza!"

"Mkurugenzi hana herufi," alisema shingo nene, na wote wakacheka, mkurugenzi naye akacheka, maana ilikuwa kweli.

Walibishana hivyo saa nzima na dakika kumi. Sahani ya keki ndogo za jozi ilikwisha. Kwa jedwali la nne, lenye damu ya kijiji kizima, hakuna aliyefungua ukurasa, isipokuwa Ostojin, aliyekuwa anatoka jasho kama mtu mwenye homa ya brusela yenyewe.

"Profesa," alisema hatimaye, "labda zile namba za hereni tuzitoe. Tuweke moja, mbili, tatu. Kwa... kwa usafi."

Kragović alilifungua. Milunka aliona macho yake yakishuka kwenye safu, yakasimama, yakaelewa. Hakugeuka rangi. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu aligundua pale pale kwamba anashikilia mkononi ushahidi dhidi yake mwenyewe, na uso wake ukabaki uso wa mtu anayesoma orodha ya vinywaji.

"Milunka," alisema kwa upole, "tunaweza kubadilisha?"

"Inawezekana, Mheshimiwa Profesa. Unaandika barua kwa mpitiaji, unaeleza sababu. Atajibu baada ya wiki sita, nane. Mwaka jana alijibu baada ya kumi na moja."

Kila mtu chumbani alijua uchaguzi wa mkurugenzi ni mwisho wa mwezi, na kwamba anapungukiwa makala moja ya mwaka huu. Bila hiyo hata jina lake haliingii kwenye karatasi ya kura.

Kragović alimtazama. Alijua jina lake la ukoo. Lilikuwa kwenye rufaa tatu, na yeye ndiye aliyezikataa.

"Stojkov," alisema. "Wa Rakitna Glava, sivyo? Mahali pazuri. Hewa safi." Akatabasamu. "Jarida linachapwa nakala ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Na anayelisoma ni nani? Sisi tuliomo ndani. Tena nusu yetu." Alichomoa kalamu. "Huko kwenu, bibi, watu wanasoma kitu gani? Matangazo ya vifo kwenye nguzo za umeme, basi. Nani kafa, kazikwa saa ngapi, kutakuwa na nyama au hakuna." Shingo nene akacheka tena. "Acheni namba zikae."

Akatia sahihi. Ukurasa wa jedwali la nne akautia sahihi kubwa kuliko kurasa nyingine, makusudi, huku akimtazama machoni.

Milunka alikusanya karatasi. Akashuka nazo mpaka chumba cha chini, asiwashe taa. Watu hudhani hasira ni moto. Kwake ilikuwa kazi. Alikaa chini ya lile bomba linalonguruma, na neno la mkurugenzi likawa linazunguka kichwani. Matangazo ya vifo. Basi.

Jarida lilitoka tarehe 24. Kragović alichaguliwa tarehe 30 kwa kura zote isipokuwa moja, na kulikuwa na nguruwe wa kuchoma uani. Tarehe mosi Aprili Milunka aliomba ruhusa ya siku mbili, akaenda kwa rafiki yake wa zamani mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya stendi ya mabasi.

Huko kwao tangazo la kifo lina sura yake, mtoto wa miaka sita analitambua kwa mbali: karatasi ya ukubwa wa daftari, ukingo mweusi, msalaba juu. Hubandikwa mlangoni, kwenye nguzo, kwenye mti mbele ya duka. Hubandikwa mtu anapofariki, akitimiza siku arobaini, mwaka mmoja, miaka mitatu. Na hakuna mtu, awe na haraka kiasi gani, anayepita bila kusimama kulisoma.

Milunka hakuwawekea kondoo msalaba, maana alikuwa mcha Mungu. Ukingo mweusi aliuweka. Aliandika hivi:

"Leo tarehe 2 Aprili inatimia miaka mitatu tangu walipouawa wakiwa wazima, kama inavyothibitishwa na sahihi ya Profesa Velibor Kragović katika jarida la Taasisi ya Mifugo, ukurasa wa 87, kondoo wa Slavoljub Stojkov wa Rakitna Glava." Chini yake, safu tatu: namba arobaini na moja. Na chini kabisa, kwa herufi nene: "Hawakuwa na ugonjwa. Mirija ya damu ilichanganywa. Waliolijua hilo walilijua tangu tarehe 9 Aprili na wakanyamaza. Wa majirani waliuawa kwa sababu hiyo hiyo, bila kupimwa."

Kesho yake, kabla ya saa mbili asubuhi, alikuwa amebandika sabini huko Rakitna Glava. Kila nguzo, kituo cha basi, mlango wa shirika la maziwa, mti wa jozi mbele ya duka. Kisha akakaa kwenye ngazi za duka na jarida lenyewe mapajani, muhuri na yote, akasubiri.

Wa kwanza kusimama alikuwa bibi mmoja aliyekuja kununua chachu. Alisoma akisogeza midomo. Akarudia. Akamwita mwenye duka. Mwenye duka akamwita mumewe. Saa tatu kulikuwa na watu kumi na tano chini ya mti, na hakuna aliyeingia kununua kitu.

"Huu ni mzaha gani?" aliuliza mmoja.

Milunka alinyanyua jarida. "Njoo usome. Ukurasa wa themanini na saba. Hiyo sahihi ya prufu ninayo pia, ukiitaka."

Ndipo Golub alipofika na baiskeli yake. Umati ulimpisha. Alisoma tangazo akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na alipofika kwenye mstari wa majirani alisoma kwa sauti, kama asiyeamini macho: "bila kupimwa."

"Wangu walikuwa sitini na watatu," alisema.

"Najua," alisema Milunka.

"Kwa hiyo wangu nao..."

"Walikunywa maji. Hilo ndilo kosa lao."

"Lakini daktari wao aliniambia mwenyewe! Alisimama hapo, akaniambia ni Slavoljub..." Alimtazama Milunka, na sasa sauti ikapanda. "Kwa nini hukutuambia? Wewe unafanya kazi kwao!"

"Nimewaambia miaka mitatu! Nilikuja hapa na barua mkononi, wewe ukaniambia damu ni damu, dada atamtetea kaka. Mliamini magunia meupe kwa sababu yalikuja na lori. Mtu mliyekula naye miaka hamsini hamkumwamini. Usinipandishie sauti mimi, Golub. Nenda umpandishie kule inakostahili."

Golub aliiegemeza baiskeli kwenye mti. Ikaanguka. Hakuiokota. Alishuka njia ya chini kwa miguu, na watu wakamfuata, kwanza wawili watatu, kisha wote.

Slavoljub alikuwa uani anachonga mpini wa shoka. Aliwaona wakija, hakusimama. Golub alifika kwenye lango la mbao akaweka mkono juu ya komeo, komeo alilolifungua mara maelfu bila kuuliza.

"Ondoa mkono," alisema Slavoljub.

Golub aliuondoa.

"Slavo," alianza, kwa sauti ya chini. "Ndugu yangu. Nimesoma. Nilikosea."

"Sikusikii."

"Nimesema nilikosea. Kondoo wako walikuwa wazima."

"Uliposema ni wagonjwa ulisemea wapi?"

"Dukani," alisema Golub.

"Kwa sauti hiyo?"

Watu waliokuwa nyuma waliangalia chini. Milunka alisimama kando ya ukuta, jarida kifuani, na akajikuta hana huruma hata chembe. Alidhani angefurahi. Alichokiwaza ni Kragović, aliyekuwa saa hiyo akinywa kahawa chini ya picha yake.

Golub aligeukia kijiji. Alikuwa mzee sasa, shingo imekonda, na alipopaza sauti ilipasuka katikati.

"Kondoo wa Slavoljub walikuwa wazima!"

"Wale wa ng'ambo ya kijito hawajasikia," alisema Slavoljub.

"Kondoo wa Slavoljub walikuwa wazima! Mimi Golub nilisema uongo!"

"Tena."

Akapaza tena. Mbwa walianza kubweka. Kule ng'ambo dirisha lilifunguka, mwanamke akatoa kichwa, na Golub akamwelekea yeye, akiita kwa nguvu zote zilizombakia, na Slavoljub akarudi kuchonga mpini wake, bila kumwambia anyamaze.